Uzi: Mota ya kitovu kwenye baiskeli ya umeme – tupime joto kabla ya kuongeza ampea

Mwanzisha uzi:

Wakuu, salaam.

Maswali mengi kuhusu kuboresha baiskeli za umeme huanzia kwenye wati. Mtu ana mota iliyoandikwa wati 250, naye anataka kujua kama inaweza kufikishwa 1000. Swali lenyewe ni la haki, ila namba iliyochapwa kwenye mota haisemi mengi kuhusu uwezo wake. Mara nyingi namba hiyo ipo kwa ajili ya sheria: katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida iwapo mota yake haizidi wati 250 za mfululizo na msaada wake unakatika inapofika kilomita 25 kwa saa. Kiwanda kinaweza kuchapa 250 juu ya mota ambayo, kwa dakika kadhaa, hubeba mara mbili au tatu ya hapo bila kudhurika. Kinachoweka mpaka halisi ni joto la koili za shaba zilizomo ndani, na ninaomba uzi huu ujengwe juu ya msingi huo, kwa sababu nimesoma ushauri mwingi unaouruka na mota nyingi nzuri zimeungua kwa ajili yake.

Tuanze na mambo mawili ya msingi. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha gurudumu, hutokana na ampea zinazopita kwenye koili, na kasi ya juu hutokana na volti. Kila mota ina idadi yake ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti, ambayo huandikwa Kv, na ukigawa 9.55 kwa Kv unapata nyutoni-mita zinazozalishwa na kila ampea ya fezi, yaani ampea inayopita kwenye nyaya tatu za mota (fezi) na koili zake. Mota yenye Kv ya 8 itazunguka takriban mara 384 kwa dakika kwa volti 48 ikiwa haina mzigo, na kila ampea itaipa karibu nyutoni-mita 1.2. Joto halifuati uwiano huo mwepesi, kwa kuwa hasara ndani ya shaba ni ampea mara ampea mara ukinzani. Ukiongeza ampea maradufu, unapata toki maradufu na joto mara nne.

Sasa tuiweke mota hiyo kwenye mlima. Mwendeshaji na baiskeli yake wana jumla ya kilo 100, mwinuko ni asilimia 10, na gurudumu ni la inchi 26 lenye nusu kipenyo cha karibu mita 0.33. Uzito unavuta nyuma kwa nyutoni 98, matairi yanaongeza takriban 10, hivyo mota inatakiwa kutoa nyutoni-mita 36 hivi, ambazo zinahitaji ampea 30 za fezi. Tukichukua ukinzani wa omu 0.2 kati ya fezi na fezi, joto linalozaliwa ni wati 180. Kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa, mota inatoa wati 600 kwenye gurudumu, betri inatoa wati 780, na kioo cha kwenye usukani kitaonyesha ampea 16 hivi kutoka kwenye betri ya volti 48.

Mwendeshaji mwenye huruma anaona ampea 16 ni nyingi, anapunguza mwendo hadi kilomita 10 kwa saa ili "asiichoshe" mota. Kioo kinashuka hadi ampea 10 naye anaridhika. Hata hivyo mlima haujapungua mwinuko, kwa hiyo toki inayotakiwa ni ileile, ampea za fezi ni zilezile 30, na joto ni lilelile la wati 180, isipokuwa sasa kilomita moja ya mlima inachukua dakika sita badala ya tatu. Mota imepokea joto maradufu kwa kazi ileile. Ampea za betri na ampea za fezi ni vitu viwili tofauti, kwa kuwa kidhibiti, yaani kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, hushusha volti na kupandisha ampea pale mota inapozunguka polepole, na vioo vingi huonyesha zile za betri peke yake. Anayetaka kuisaidia mota mlimani apande kwa kasi ya wastani na akanyage pedali kwa nguvu zake mwenyewe, kwa sababu kila nyutoni inayotoka miguuni inapunguza ampea kwenye koili.

Kuna jambo la pili linaloufanya mwisho wa mlima kuwa hatari kuliko mwanzo wake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo koili iliyopanda kutoka nyuzi 20 hadi 120 imeongeza ukinzani kwa asilimia 39, na zile wati 180 zimekuwa 250 huku ampea hazijabadilika. Varnishi ya waya kwa kawaida huhimili nyuzi 155 au 180 kutegemea daraja lake. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80 hivi, ingawa yapo madaraja yanayohimili 120 na 150, na sumaku iliyodhoofika hairudi hali yake kwa kupoa.

Ndiyo maana boresho la kwanza ninalolipendekeza halimwongezei mtu hata nusu kilomita ya kasi: ni kuweka sensa ya joto ndani ya mota. Themista ya kilo-omu 10 ni kitu kidogo na rahisi kupatikana. Fungua kifuniko, ibandike katikati ya koili kwa gundi ya epoksi inayohimili joto, kisha pitisha waya wake kwenye tundu la ekseli pamoja na nyaya za sensa za mzunguko. Vidhibiti vingi vya kisasa vina mlango wake na vinaweza kupunguza ampea vyenyewe joto likikaribia kiwango ulichokiweka. Kiwango ninachokiamini ni kuanza kupunguza kwenye nyuzi 110 na kukata kabisa kwenye 130. Kushika ganda la mota kwa kiganja hakutoshi, maana ganda linaweza kuwa vuguvugu tu wakati koili zimeshapita nyuzi 120.

Boresho la pili, ambalo watu hulisahau, ni ukubwa wa gurudumu. Mota ileile ikiwekwa kwenye gurudumu la inchi 20 lenye nusu kipenyo cha mita 0.25, mlima ule unahitaji nyutoni-mita 27 tu, ampea zinashuka hadi 23, na joto linashuka kutoka wati 180 hadi karibu 105. Kasi ya juu itapungua pia, lakini hiyo inarudishwa kwa betri ya volti zaidi, ambayo haiongezi joto la shaba mlimani. Kwa baiskeli ya mizigo sioni badiliko lingine moja lenye faida kubwa kama hili.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kidhibiti. Ukiongeza volti, angalia kapasita zake kabla ya kitu kingine chochote. Betri ya seli 13 kwa mfululizo hufika volti 54.6 ikijaa, ya seli 14 hufika 58.8, na ya seli 16 hufika 67.2. Kapasita nyingi kwenye vidhibiti vya volti 48 zimeandikwa volti 63, yaani mwisho wa volti zinazohimili, kwa hiyo seli 14 zinakaribia ukingo na seli 16 zinauvuka. Ukiongeza ampea, angalia kwanza saketi ya ulinzi ya betri: kidhibiti cha ampea 30 kwenye betri iliyowekewa kikomo cha ampea 20 kitazima baiskeli katikati ya mlima, na mtu atailaumu mota bure. Kuiruka saketi hiyo ya ulinzi ili kupata ampea zaidi ni jambo ambalo sitalijadili kama chaguo, kwa sababu seli za lithiamu zikipita kiwango chake zinaweza kuwaka ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, shukrani kwa maelezo. Nina hoja moja. Mota nyingi huuzwa zikiwa na koili za aina mbili, ya kasi na ya taratibu, na mafundi wote ninaowafahamu husema kwamba ile ya taratibu ndiyo yenye toki na ndiyo inayofaa milimani. Je, si rahisi zaidi kununua koili ya taratibu kuliko kuhangaika na gurudumu dogo?

Mwanzisha uzi:

Ndugu, hoja hiyo imeenea sana na ninafurahi umeileta mapema, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Koili ya taratibu ina mizunguko mingi ya waya mwembamba zaidi, na ya kasi ina mizunguko michache ya waya mnene, huku nafasi ya kuwekea shaba ikiwa ileile. Ukiongeza mizunguko maradufu, toki kwa kila ampea huongezeka maradufu. Hapo mafundi wako sahihi. Lakini waya umekuwa mrefu maradufu na eneo lake la mkato limepungua kwa nusu, kwa hiyo ukinzani umepanda mara nne. Ili kupata nyutoni-mita 36, koili ya taratibu itahitaji nusu ya ampea, na nusu ya ampea ikijizidisha yenyewe kisha ikazidishwa na ukinzani mara nne, tunarudi kwenye wati zilezile za joto. Mota mbili za ukubwa mmoja zilizojazwa shaba sawasawa hutoa joto sawa kwa toki sawa, hata kama moja imeandikwa ya milimani na nyingine ya kasi.

Tofauti inakuja kwenye kidhibiti na nyaya. Koili ya kasi inahitaji kidhibiti chenye uwezo wa kutoa ampea nyingi zaidi za fezi, pamoja na nyaya nene za kuzibeba. Mwenye kidhibiti kidogo asichotaka kukibadilisha atapata toki kubwa zaidi kwa koili ya taratibu, na hapo ndipo imani ile ilipozaliwa. Gurudumu dogo hupunguza toki inayotakiwa yenyewe, na kwa hiyo hupunguza joto kwa koili yoyote ile.

Kanuni hiyohiyo inamgusa anayetaka kubadilisha muunganiko wa koili kutoka nyota kwenda pembetatu, yaani namna mbili za kuunganisha fezi tatu. Kasi itapanda mara 1.73 na toki kwa kila ampea itashuka kwa kiasi hichohicho. Shaba haijaongezeka.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuuliza kuhusu mbinu ya kuongeza risasi ya kuchomelea juu ya shanti ya kidhibiti ili kitoe ampea zaidi. Nimeiona mahali pengi na inaonekana haina gharama yoyote.

Mwanzisha uzi:

Inafanya kazi kwa kukidanganya kidhibiti. Shanti ni kipande cha waya chenye ukinzani mdogo unaojulikana, na kidhibiti hupima volti iliyopo juu yake ili kujua ampea. Ukipaka risasi, ukinzani unapungua, kidhibiti kinadhani ampea ni chache, nacho kinaruhusu zaidi. Tatizo langu ni kwamba hujui umeongeza asilimia ngapi, na transista zilezile, zilizochaguliwa kwa kikomo cha awali, ndizo zinazobeba ziada hiyo. Ukitaka ampea zaidi, tafuta kidhibiti ambacho mipaka yake inawekwa kwa programu. Vile vinavyotumia muundo wa VESC, uliobuniwa na Benjamin Vedder wa Uswidi, hukuruhusu kuweka kikomo cha ampea za betri na kikomo cha ampea za fezi kila kimoja peke yake, na kuweza kuvitenganisha hivyo ndiko hasa kunakoilinda mota.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi natumia mota yenye gia ndani. Je, haya yote yananihusu? Nilifikiria kubadilisha gia za nailoni niweke za chuma, na pia nimesoma kuhusu kimiminika cha sumaku cha kupooza mota.

Mwanzisha uzi:

Yanakuhusu, Mkuu, kwa tofauti kadhaa muhimu.

Ndani ya mota yako kuna mota ndogo inayozunguka haraka, mara nyingi kama mara tano ya kasi ya gurudumu, na gia za sayari hupunguza kasi hiyo na kuongeza toki. Kwa sababu hiyo mota yenye gia ni nyepesi, inapanda vizuri kulingana na uzito wake, na ina friwili ndani inayoifanya baiskeli iteleze bila kuvutwa na sumaku. Friwili hiyohiyo ndiyo inayokunyima breki ya kurudisha umeme kwenye betri. Na joto lake lina safari ndefu zaidi: linatoka kwenye koili, linavuka hadi kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka yenye sumaku, kisha linavuka nafasi nyingine ya hewa kabla ya kufika kwenye ganda la nje.

Kimiminika ulichokitaja hutengenezwa kwa chembe ndogo mno za madini yenye usumaku zilizoelea ndani ya mafuta. Teknolojia yenyewe ilibuniwa NASA na Steve Papell mwaka 1963, akitafuta namna ya kuyaongoza mafuta ya roketi mahali pasipo na mvutano. Kwa baiskeli, kampuni ya Grin Technologies ya Kanada inauza kimiminika cha aina hiyo kinachoitwa Statorade. Katika mota isiyo na gia, mililita chache hushikwa na sumaku, huziba pengo jembamba kati ya sumaku na koili zisizozunguka, na joto hupita moja kwa moja hadi kwenye ganda. Kwa mota isiyo na gia ninakipendelea kuliko kutoboa matundu kwenye vifuniko, kwani matundu hupoza kweli lakini hukaribisha maji, vumbi na kutu. Kwa mota yako hakitakusaidia sana, kwa sababu ya lile pengo la pili.

Kuhusu gia za chuma, ningekushauri usizibadilishe zote. Nailoni ilichaguliwa kwa ajili ya ukimya, na pia kwa kuwa ndiyo sehemu inayotangulia kuharibika na ni rahisi kuibadilisha. Ukiweka chuma, mshtuko unahamia kwenye friwili na kwenye ekseli. Weka grisi isiyodhuru plastiki, kidogo tu kwenye meno, na uiangalie isiingie kwenye friwili ikaifanya iteleze. Kisha punguza ukali wa kuondoka: kidhibiti kinachopandisha ampea taratibu ndani ya nusu sekunde huziokoa gia za nailoni kuliko aina yoyote ya grisi.

Mchangiaji wa nne:

Naomba kuongezea upande wa mitambo, maana mjadala umeegemea umeme. Toki inayosukuma gurudumu mbele inaisukuma ekseli irudi nyuma kwa nguvu ileile. Sehemu bapa za ekseli nyingi zimeachana kwa milimita 10 hivi, kwa hiyo zile nyutoni-mita 36 za mlima wa mwanzisha uzi zinageuka kuwa nguvu ya takriban nyutoni 3,600 kwenye kingo za mdomo wa fremu, yaani mkato ambamo ekseli hukaa. Kishikio cha ekseli, yaani bamba la chuma linaloishika ekseli na kufungwa kwenye fremu sentimita 10 kutoka hapo, hupokea toki hiyo kwa nyutoni 360 tu. Fremu ya aluminiamu isiyo na kishikio inaweza kupasuka mdomo ghafla, bila dalili ya kupinda kwanza, na mota ya mbele kwenye foku ya aluminiamu ni hatari zaidi kwa kuwa gurudumu linaweza kuchomoka mwendeshaji akiwa kwenye mwendo.

Wenye breki ya kurudisha umeme waweke vishikio pande zote mbili. Kila wanapofunga breki toki inageuka upande, ekseli inatikisika mbele na nyuma, na nati hulegea kidogo kidogo hata kama ilikazwa vizuri.

Jambo jingine ni spoki. Watu hudhani spoki nene ndiyo imara, wakati ringi ya kawaida ya baiskeli haiwezi kustahimili mkazo unaohitajika kuivuta spoki ya milimita 2.6 ipasavyo. Spoki hiyo hubaki imelegea, hucheza, na hukatika kwenye kichwa. Spoki ya milimita 2.0, ikikazwa vizuri na kusukwa kwa kupishana mara moja tu kwa sababu kitovu ni kikubwa, hudumu zaidi.

Mwanzisha uzi:

Ninakubaliana na kila neno, na ninaomba anayesoma kuhusu kuongeza ampea asome mchango huu kabla hajanunua chochote. Nitaongeza nyaya za fezi peke yake. Nyaya zinazopita ndani ya tundu la ekseli mara nyingi ni nyembamba kuliko zile za nje, kwa hiyo kubadilisha za nje tu kunasaidia kidogo. Kama unafungua mota kuweka themista, tumia nafasi hiyo kupitisha nyaya zenye ganda jembamba linalohimili joto, ili shaba nyingi zaidi iingie kwenye tundu lilelile.

Mchangiaji wa tano:

Nawezaje kujua Kv na ukinzani wa mota yangu? Haina maandishi yoyote, na multimita yangu inaonyesha omu 0.4 hata nikiunganisha ncha zake zenyewe.

Mwanzisha uzi:

Kwa Kv, inua gurudumu lisiguse ardhi, soma volti za betri, bonyeza akselereta hadi mwisho, na usome kasi. Badilisha kasi hiyo kuwa mizunguko kwa dakika kwa kutumia mzingo wa tairi lako uliopimwa kwa futi kamba, kisha gawa kwa volti. Jibu litakuwa chini kidogo ya Kv halisi, kwa tofauti isiyoharibu hesabu. Hakikisha tu kwamba kikomo cha kasi kwenye kioo kimeondolewa kwa muda wa jaribio.

Kwa ukinzani, multimita ya kawaida haitoshi, kama ulivyoona. Tafuta chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa kikomo cha ampea, ukiweke kwenye 5. Tenganisha mota na kidhibiti, pitisha ampea hizo 5 kati ya nyaya mbili za fezi, kisha pima volti moja kwa moja juu ya nyaya zenyewe, mbali na vibanio vya chanzo. Ukipata volti 1, ukinzani ni omu 0.2. Rudia kwa jozi nyingine mbili za fezi. Majibu matatu yanatakiwa kukaribiana, na moja likitofautiana waziwazi, kuna koili iliyoungua au kiungo kilicholegea. Fanya kipimo mota ikiwa imepoa, uandike na nyuzi za joto za chumba, kwa sababu namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha nayo ukipima tena mara tu baada ya kupanda mlima: kila asilimia 4 ya ongezeko ni takriban nyuzi 10 za joto ndani ya shaba.